Msitu Usiwe wa Rika Moja

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya misitu ya huku kwetu Vigwaza, ingawa najua ya kuwa wenzangu wengi wangependa zaidi kusoma habari za mishahara. Lakini sisi watumishi ndio tununuao mkaa kwa gunia zima, na ndio tuagizao mbao za mninga tunapojenga. Basi jambo hili ni letu.

Kila alfajiri katika barabara ya Morogoro huonekana pikipiki na baiskeli zilizopakiwa magunia. Wako wasemao kwamba dawa ni kufunga msitu kabisa. Wengine husema: kateni yote, kisha pandeni miti ya kigeni kwa mstari. Mimi sikubaliani na hawa wala wale. Msitu wa asili ni kama mji wenye wazee, vijana na watoto wachanga. Mzee akianguka, mwanga huingia, na mche uliokuwa ukingoja kivulini hupanda juu. Ukiwakata wote siku moja huna msitu tena, una kizazi kimoja tu, nacho hakitakupa mbao mpaka wajukuu wako wazeeke.

Yafaa nitahadharishe hapa, kwa maana neno “kuchagua” hudanganya. Hata wavunaji wetu walichagua! Walianza na mkongo, mvule na mninga ulionyooka, wakafuata miti hafifu, kisha yakaja matanuri ya mkaa. Wataalamu waliopima misitu kuizunguka Dar es Salaam kati ya mwaka 1991 na 2005 waliyaona hayo kama mawimbi, moja nyuma ya jingine, yakitoka mjini kwa mwendo uliofika kilomita 9 kwa mwaka. Kuchagua kwa namna hiyo huondoa miti iliyo bora na kuiacha iliyopinda ndiyo izae mbegu. Aliye mchaguzi wa kweli hutazama kwanza kile kitakachobaki.

Nao mfano tunao nchini mwetu. Huko Kilosa, tangu mwaka 2012, vijiji kadhaa viligawa sehemu ya misitu yao katika vitalu vya mita 50 kwa 50, kama miraba ya ubao wa dama. Kitalu kimoja huvunwa, jirani yake huachwa. Kilichovunwa hupumzika miaka 24. Miti ya mbao na ile iliyo kando ya mito haiguswi, na visiki huachwa ili vichipue. (Moto wa kiangazi ukipita, machipukizi hufa, na hesabu yote huharibika.) Kilwa nako huchaguliwa mti mmoja mmoja: mpingo hupimwa unene kabla ya shoka, na mwaka 2009 misitu ya vijiji vya huko ilipata cheti cha kimataifa cha FSC. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ndiyo iliyowapa wanakijiji njia ya kutenga msitu wao wenyewe na kupata mapato yake. Mtu hulinda kile kimletiacho karo ya mwanawe.

Najua pia ya kuwa Serikali iliziagiza taasisi zihudumiazo watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na ni agizo jema. Lakini gesi haitengenezi dari wala kitanda. Mbao zitaendelea kutakiwa.

Sasa nakiri kosa. Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi, nilinakili vibali vya mazao ya misitu kwa miaka miwili. Niliandika idadi ya magogo, namba ya gari, na fedha iliyolipwa. Sikuandika hata mara moja unene wa mti wala mingapi ya aina yake iliyobaki imesimama, kwa sababu karatasi haikuwa na safu ya kuandikia, nami sikuuliza. Hivyo msitu ulipita mikononi mwangu kwa hati nzuri isiyo na dosari.

Kwa hiyo nakiomba chama chetu, katika mkutano ujao, kizungumze na wakubwa ili safu hizo mbili ziongezwe katika daftari la vibali, na mti utiwe alama ya rangi mbele ya mjumbe wa kijiji kabla haujakatwa. Mimi nimekwisha kuchora mfano wa karatasi hiyo, na atakayeutaka nitampa nakala.

Ni mimi, Karani wa Vigwaza.