Mtaji wa Mgeni na Maduara ya Wenyeji

Kabla kampuni kubwa hazijafika Bulyanhulu, eneo la dhahabu nchini Tanzania, watu walikuwa wameshawekeza pale, ila hakuna aliyewaita wawekezaji. Walikuwa wachimbaji wadogo, watu wa kuuza ng'ombe wapate mbao za duara, yaani shimo la kuchimbia, au kukopa kwa shemeji wapate karasha ya kusaga mawe. Mwaka 1996 waliondolewa kupisha mgodi, nao ukaanza uzalishaji 2001. Mtaji wa nje uliandikwa. Wa maduara haukuwa umeandikwa popote, kwa hiyo hata ulipopotea haukupunguza hesabu ya mtu.

Ndiyo maana siamini kwamba mabilioni yaliyoingia yanatosha kutuambia kama mgeni anakuza uwekezaji wa wenyeji au anaudidimiza. Manuel Agosin na Ricardo Mayer, katika utafiti uliotolewa na UNCTAD, shirika la biashara na maendeleo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2000, walikuta mtaji wa nje ukivuta wa ndani barani Asia, lakini Amerika ya Kilatini ukiusukuma kando. Kwangu mimi tofauti iko kwenye nafasi anayoachiwa mwenyeji.

Migodi ya miaka ile, kama Bulyanhulu, iliacha nafasi finyu. Mitambo, vipuri na baruti vilitoka ng'ambo, tena kwa nafuu ya kodi; fundi mwenye karakana Mwanza angeiuzia nini? Linganisha na M-Pesa, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2007 na Safaricom, kampuni ambayo Vodafone ya Uingereza ilikuwa mmoja wa wanahisa wake wakubwa. Huduma ile isingekwenda popote bila wakala. Mwenye duka aliweka floti kwa fedha yake, akaongeza kibanda, akaajiri kijana. Mtaji wa mgeni ulimhitaji.

Tanzania ilijaribu kurekebisha kwa kanuni za mwaka 2018: kampuni ya kigeni inayouzia migodi bidhaa au huduma iwe na mbia Mtanzania mwenye angalau asilimia 20. Naziunga mkono kwa moyo wote, lakini mbia asiye na fedha huishia kukodisha jina lake. Fundi wa Geita akipata zabuni ya mgodi, benki bado inamdai hati ya nyumba, na malipo yakichelewa miezi kadhaa anafilisika na kazi ikiwa mkononi. Mkataba wake na mgodi ukubaliwe kuwa dhamana, na alipwe ndani ya siku 30.

Na mwombaji wa leseni akitaka eneo lenye maduara, mbao, kamba na karasha zihesabiwe kwanza kuwa mtaji, zilipwe kama mtaji.