Kutuma Linki Si Kosa

Makamanda, leo tuongee sheria kidogo.

Mkutano wetu unafanyika mchana, jioni televisheni zinaonyesha mambo mengine kabisa. Kinachotuokoa ni kijana mmoja mwenye simu aliyeurusha YouTube, na wengine wengi wanaosambaza linki kwenye magrupu. Sasa ukisema anayesambaza linki ana kosa sawa na aliyepakia video, nani atathubutu kubonyeza?

Msidhani natisha watu bure. Mwaka 2012 serikali ya Uingereza iliridhia mwanafunzi wa Sheffield apelekwe Marekani kushtakiwa kwa sababu ya tovuti yake, TVShack, iliyokusanya linki za filamu na vipindi vilivyohifadhiwa kwingine. Alinusurika kwa makubaliano ya kulipa pauni 20,000. Mwanafunzi kama mimi!

Mwaka huohuo, huko Chicago, Jaji Richard Posner aliamua kesi ya Flava Works dhidi ya mwenye tovuti ya myVidster, ambako watu huweka linki za video. Alimfananisha na gazeti linaloorodhesha mchezo gani unaonyeshwa ukumbi gani. Kuonyesha mahali si kunakili.

Mahakama ya Haki ya Ulaya nayo, katika kesi ya GS Media ya 2016, iliweka maswali mawili kwa anayeweka linki ya kazi iliyopakiwa bila ruhusa: anafanya kwa faida? Na je, alijua, au alipaswa kujua, kwamba haina ruhusa? Anayefanya biashara anabanwa zaidi. Raia wa kawaida hahukumiwi kwa kubonyeza tu.

Hapa kwetu, Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018 zilidai blogu zikate leseni, gharama yake zaidi ya shilingi milioni 2. Ukikiuka, adhabu ilikuwa faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miezi 12, au vyote. Ada zilikuja kupunguzwa, lakini hofu ipo palepale.

Tuwe wakweli pia. Kuchukua video ya mtu, ukafuta jina lake na kuipandisha kwenye chaneli yako ni wizi, hata kama ni ya kamanda mwenzetu. Hilo tuache.

Ombi langu kwa mawakili wa chama: kanuni zikifunguliwa tena kwa maoni, pelekeni maswali yale mawili yaandikwe humo. Aliyepakia, aliyehifadhi na aliyetuma linki wasiwekwe kapu moja.