Barua ya Malalamiko Yenye Kujibiwa

Na uchukuliwe mfano wa mama mmoja wa Kabeza, jijini Kigali, ambaye mumewe ni askari aliyepelekwa kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kaya yake hutumia mita za ujazo 8 za maji kwa mwezi. Ghafla inaletwa ankara ya mita 41, pamoja na onyo kwamba asipolipa maji yatakatwa. Watoto watatu wamo nyumbani, na fedha ya mwezi imekwisha gawanywa.

Akishika kalamu usiku ule ule, aghalabu ataandika kurasa nne: ankara, kisha karani aliyemjibu vibaya mwaka juzi, kisha mashimo ya barabarani, kisha cheo cha mumewe. Barua ya namna hiyo husomwa nusu na kuwekwa kando, wala si lazima iwe kwa uovu wa karani, bali kwa kuwa haimwoneshi afanye nini.

Kabla ya kuandika, mama huyu aende kwenye dira ya maji. Afunge mabomba yote ya nyumbani, kisha atazame. Ikiwa kigurudumu kingali kinazunguka, maji yanavuja upande wake, na anayehitajiwa ni fundi. Ikiwa kimetulia, azilinganishe tarakimu za dira na zile za ankara. Huenda msomaji wa dira alikosea tarakimu moja, au hakufika kabisa na akakadiria tu. Aziandike kwa asubuhi tatu mfululizo, pamoja na tarehe na saa. Polisi watalitambua jambo hili upesi: ni desturi ile ile ya kitabu cha matukio kituoni, ambamo maneno kama “mara nyingi” hayana kazi.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Juu ziwekwe tarehe, jina la mwenye akaunti na namba ya mteja. Chini ya anwani hufuata kile ambacho barua rasmi za Kinyarwanda hukiita “Impamvu”, yaani kusudi la barua. Hapo pasiandikwe “Malalamiko” tu, bali “Kuomba kusahihishwa kwa ankara ya maji ya mwezi wa Machi”. Kwa mstari huo pekee karani anajua barua iende meza gani.

Kisha yafuate masimulizi mafupi: matumizi ya miezi sita iliyopita, ankara inayobishaniwa, na tarakimu za asubuhi tatu. Halafu ombi, na hapa ndipo wengi hukwama, maana wamezoea kumalizia kwa “naomba msaada wenu”. Msaada gani? Aandike hivi: “Naomba dira isomwe upya mbele yangu, ankara isahihishwe, na maji yasikatwe wakati jambo hili likichunguzwa. Naomba jibu la maandishi katika muda wa siku 14.”

Cheo cha mume kisitajwe. Vitisho humfanya karani ajilinde badala ya kutenda, na sare haikutolewa kwa ajili ya ankara za maji. Lakini kwamba mwenye akaunti yuko nje ya nchi, na mkewe ndiye atiaye saini, hilo ni la lazima kuelezwa.

Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, wala mtu hakosei kukitumia. Hata hivyo shabaha ni kujibiwa, na Kinyarwanda husomwa upesi zaidi katika ofisi za Kigali.

Zipelekwe nakala mbili: moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe na irudi nyumbani. Ankara ya asili isikabidhiwe kamwe.

Wengine hupenda kuijaza orodha ya “Bimenyeshejwe”, yaani wanaopelekewa nakala, kwa majina ya Meya na Waziri tangu barua ya kwanza. Ni haraka isiyo na faida. Siku 14 zikipita kimya, hupandwa ngazi moja: maji na umeme vina mdhibiti wake, RURA, iliyoundwa mwaka 2001, na huko swali la kwanza ni kama mtoa huduma alikwisha kuelezwa. Ule muhuri ndio jibu. Ofisi ya Umuvunyi, iliyotokana na Katiba ya mwaka 2003, ipo kwa udhalimu mzito zaidi.

Wakati huo huo alipe thamani ya zile mita 8 asizozibishia, ikiwa ofisi itakubali kuipokea, na risiti aibane nyuma ya nakala yenye muhuri.