KOCHA NI MFANYA KAZI, SI MTOTO WA KUSAIDIA!



Naomba nafasi katika karatasi yetu niseme neno juu ya kazi ambayo wengi hawaihesabu kuwa kazi. Watu huona kijana na filimbi shingoni, watoto wanakimbia, mpira unaruka, nao husema: "Huyu analipwa kwa kucheza." Ngojeni niwaeleze.

Mimi nakaa Nawoitorong, karibu na mji wa Lodwar. Nilisoma miaka minne nikapata digrii ya mambo ya michezo. Baba aliuza mbuzi, na karo iliyobaki nikakopa HELB. Niliporudi nyumbani nikaandikwa katika shule moja ya binafsi huku kwetu Turkana. Jina la shule silitaji, kwa maana ugonjwa huu si wa shule moja. Barua niliyopewa ilikuwa na mistari minne. Ilisema mimi ni "Kocha Msaidizi". Haikutaja saa za kazi, wala likizo, wala siku ya mwisho. Hata mshahara haukuitwa mshahara. Uliitwa "pesa za kujikimu", shilingi 8,000 kwa mwezi, pamoja na kitanda katika chumba cha mwisho cha bweni.

Saa kumi na moja alfajiri napiga filimbi, kwa sababu jua la Lodwar halina huruma, na mchana mchanga huunguza nyayo. Asubuhi mbio. Mchana nashika darasa la mwalimu asiyekuwapo. Jioni mpira wa miguu na voliboli. Usiku nawalinda watoto wakisoma, kisha nazima taa za bweni. Jumamosi mechi. Jumapili nafua jezi. Sasa nawauliza, ndugu: nilikuwa msaidizi wa nani? Hapakuwa na kocha mwingine!

Tufanye hesabu kidogo. Kila mtoto alitozwa shilingi 1,500 za michezo kila muhula. Watoto kumi na sita tu walitosha kunilipa muhula mzima, na shule ilikuwa na watoto zaidi ya mia mbili. Picha ya timu yetu ilibandikwa langoni ili wazazi wengine wavutiwe. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa bidhaa, tena iliuzwa. Ilipofika siku ya kulipa ndipo ikageuka kuwa msaada.

Mwezi wa tano nguzo ya goli iliniangukia, mfupa wa bega ukavunjika. Nilimwendea tajiri nikamwomba gharama za matibabu. Akanijibu, "Kijana wangu, wewe hapa unajifunza kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Niliinama, ndugu zangu. Niliinama mpaka mfupa ukavunjika, na mvunguni sikuona kitu.

Waliolipa ni akina nani? Ni mama mpishi, bawabu na dereva. Walichanga. Na hapa nakiri kosa langu mbele yenu. Miezi yote ile nilijiona msomi. Walipokaa chini ya mti kuzungumza habari za chama, mimi nilipita na filimbi yangu, nikidhani mambo yale ni ya watu wa jikoni. Mama yule aliniletea uji akaniuliza, "Mwanangu, hiyo digrii yako inakula nini?" Yeye alikuwa na mkataba wa maandishi. Mimi sikuwa nao. Nani alikuwa msomi hapo?

Nilipopona nikatafuta sheria nikasoma, na ninayoyasema sasa kila kijana ayashike. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanya kazi ni pamoja na mwanagenzi, yaani yule anayejifunza kazi. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini, nayo ya mwaka 2007, inasema vivyo hivyo. Basi hata kama ningekuwa najifunza kweli, bega langu lilikuwa deni la tajiri! Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Kila siku saba mna siku moja ya kupumzika. Baada ya mwaka mna likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa malipo kamili. Muda wa kujaribiwa si wa milele: ni miezi sita, na ukiongezwa kwa mapatano haupiti mwaka mmoja. Kumwita mtu msaidizi hakuondoi hata herufi moja ya haki hizo.

Hila hii si ya shule za binafsi peke yake. Serikali yenyewe iliwaweka walimu wa sekondari ya chini katika "mafunzo ya kazi" kwa shilingi 20,000 kabla ya makato, huku wakifundisha vipindi vyote kama wenzao. Aprili 2024 mahakama ya kazi ilisema kwamba TSC haikuwa na uwezo wa kuwaajiri hivyo. TSC ikakata rufani. Mwezi wa Mei walimu waligoma. Hawakungoja kuhurumiwa.

Lipo neno jingine ambalo tajiri hupenda kutuambia: "Ukikataa, nitaleta kocha kutoka Kakuma, atafanya kwa posho." Ndugu, tusimeze chambo hicho. Kambi ya Kakuma ipo tangu mwaka 1992. Mwaka 2016 wakimbiaji watano waliotoka kambini mle walikwenda Olimpiki ya Rio katika timu ya wakimbizi, na dunia nzima ikapiga makofi. Lakini mkimbizi afanyaye kazi na mashirika kambini hupewa kile kiitwacho "insentivu", ambacho ni kidogo kuliko mshahara wa Mkenya wa kazi ile ile. Je, huyo ndiye adui yetu? Hapana! Yeye na mimi tumevikwa jezi moja. Yeye anaambiwa ni mkimbizi, mimi naambiwa ni msaidizi, na faida inabaki mfuko ule ule. Sheria inataka kazi za thamani sawa zipate malipo sawa, tena inakataza ubaguzi wa uraia. Bei ya mkimbizi ikiwa chini, yangu nayo itashuka kuifuata.

Tukumbuke pia ardhi tunayoikanyaga. Serikali ya kikoloni ilipotaka kuwanyamazisha viongozi wa wafanya kazi, iliwaleta huku kwetu. Makhan Singh alikamatwa mwaka 1950 akafungiwa Lokitaung, na hakuachiwa mpaka 1961. Fred Kubai naye alifungwa Lokitaung pamoja na Kenyatta. Wao walivumilia jua hili kwa ajili ya haki ya kuwa na chama. Leo haki hiyo imo katika kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010, nasi tunaogopa kutia sahihi karatasi moja?

Basi makocha wote, wa Lodwar, wa Kakuma na kwingineko, tudai haya:

1. Mkataba wa maandishi wenye saa, likizo na mshahara unaoitwa mshahara.
2. Bima ya majeraha kwa kila anayeingia uwanjani.
3. Kazi ya usiku bwenini ihesabiwe kuwa kazi.
4. Barua ya utumishi mtu anapoondoka.
5. Malipo sawa kwa kazi sawa, awe Mkenya au mkimbizi.

Madai haya kocha hawezi kuyapata peke yake. Katika shule kocha ni mmoja, lakini wapishi, mabawabu, madereva na mayaya wa bweni ni wengi. Wafanya kazi walioruhusiwa kuingia chamani wakizidi nusu kujiandikisha, tajiri analazimika kukitambua chama. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo, kijana mwenye digrii, ukiwaona wamekaa chini ya mti, usipite. Keti nao. Mimi nilipita, nikalipa kwa bega.

Umoja ni nguvu!

Ni mimi,
Kocha wa Nawoitorong