Barua ya Wazi kwa Gavana wa Lualaba: Baruti ya Magobori

Kwa Mheshimiwa Mama Fifi Masuka Saini,
Gavana wa Jimbo la Lualaba,
Kolwezi

Mama Gavana,

Ninakuandikia kuhusu baruti. Sisemi ile inayopasua miamba migodini, maana hiyo ina wenyewe na ina walinzi wake. Nasema baruti nyeusi, ile inayoshindiliwa kwa mdeki ndani ya gobori, pamoja na fataki zake na risasi zake. Huko Lubudi, Mutshatsha, Sandoa, Dilolo na Kapanga vitu hivi vimeadimika, na vikionekana bei yake inamshinda mkulima. Mbele ya shaba na kobalti jambo hili linaonekana dogo. Lakini linaumiza watu na linamaliza wanyama wetu, na sioni ofisi nyingine jimboni inayoweza kuwakutanisha wote wanaohusika.

Wengi wenye magobori si wawindaji wa kazi. Ni wakulima. Mahindi yakianza kushika mbegu, nguruwe mwitu huingia shambani usiku, na nyani huja mchana kweupe, kundi zima, wakivunja mabua na kuonja kila gunzi. Familia iliyolima kwa jembe la mkono tangu mvua za kwanza inaweza kukosa nusu ya chakula cha mwaka ndani ya usiku mchache. Mlio mmoja wa gobori huwakimbiza wanyama hao kwa siku kadhaa, hata kama haukuua kitu. Baada ya hapo ndipo huja kitoweo: kanga, funo, ndezi. Kwa watu wanaoishi mbali na barabara, ambako nyama ya duka haifiki, hiyo ndiyo nyama iliyopo.

Tena kuna heshima yake. Miongoni mwa Wandembu, mwindaji wa bunduki huingizwa katika chama cha Wuyang'a, chenye wazee wake, miiko yake na utaratibu wa kugawa nyama. Mwanaanthropolojia Victor Turner aliyaandika hayo kwa kirefu baada ya kuishi nao upande wa Mwinilunga, ng'ambo ya mpaka wetu, kati ya mwaka 1950 na 1954. Watu wa namna hii serikali ingeweza kuzungumza nao. Wana viongozi, wanajuana kwa majina, na aliyevunja mwiko hulaumiwa na wenzake kabla polisi hajafika.

Sasa nikueleze kinachotokea baruti inapokosekana. Upande wa Mutshatsha, mzee mmoja alinionyesha gobori lake. Mtutu ni bomba la usukani wa gari chakavu, kitako ni mti wa porini uliolainishwa kwa mafuta na jasho la mikono, na vipande viwili vimefungwa pamoja kwa waya wa shaba. Karibu na tundu la fataki, chuma kimevimba. Ukipitisha kidole unausikia uvimbe huo, na juu yake kuna ufa mwembamba unaoonekana ukiinamisha mtutu kwenye mwanga. Alipokosa baruti, alitumia unga wa vichwa vya viberiti. Unga huo huwaka vibaya, hauna kiasi kinachoaminika, na bomba la usukani halikutengenezwa kubeba nguvu kama ile. Mkono wake wa kushoto una vidole viwili. Nilimuuliza kama ataendelea kulitumia. Akanijibu kwamba nyani hawajui kuwa baruti imepanda bei.

Baruti inayofika kijijini leo huuzwa kwa kifuniko cha chupa ya soda, ikiwa imefungwa katika kipande cha mfuko wa plastiki. Mnunuzi hajui ilitoka wapi, ilichanganywa na nani, wala imekaa muda gani kwenye unyevu. Kwa kuwa hakuna duka lenye ruhusa karibu naye, inapita mikononi mwa watu wengi wanaojificha, na kila mkono huongeza chake. Kila bariyeri barabarani nayo ina haki yake ya kimya kimya, maana aliyebeba mzigo wa siri hawezi kudai risiti. Bei ya mwisho anailipa mwenye shamba. Ndiyo maana nasema adha hii imetengenezwa zaidi na jinsi biashara yenyewe ilivyoachwa gizani, kuliko uhaba wa vitu vyenyewe.

Na vitu vyenyewe, Mama Gavana, vinapita mbele ya macho yetu. Baruti nyeusi ni shura, makaa na salfa. Makaa huingia Kolwezi kila asubuhi juu ya baiskeli, magunia yakiwa yamerundikwa kumpita anayezisukuma. Salfa huja kwa malori kutoka bandari za mbali, Dar es Salaam na Durban, ikapita Kasumbalesa na Likasi hadi huku, kwa ajili ya viwanda vya asidi inayoyeyusha shaba na kobalti. Vumbi lake la manjano liko pembeni mwa barabara ya taifa namba 39, na turubai za malori zimegeuka rangi. Pale Likasi kipo kiwanda cha serikali cha vilipuzi, AFRIDEX, kinachojua kazi ya kuhifadhi na kusafirisha vitu vya hatari. Siombi mtu yeyote aruhusiwe kuchanganya baruti nyumbani kwake. Naomba kinyume chake kabisa: itoke kwa wanaojua, ipimwe, iandikwe, iuzwe mchana.

Kuna hasara nyingine ambayo haina kilio, kwa hiyo haifiki ofisini. Aliyekosa baruti hategemei tena bunduki, anategemea waya. Huku kwetu waya haukosekani: nyaya za breki za pikipiki, nyaya za umeme, mabaki ya kambi za migodi. Mtego wa waya hauhitaji baruti wala ruhusa, na mtu mmoja anaweza kutega mingi kwa siku moja. Mwenye gobori huona anachokilenga. Anaweza kumwacha jike mwenye mimba, anaweza kumwacha mtoto. Waya hushika chochote kinachopita, kikafia hapo, na mara nyingi mtegaji harudi kwa wakati, nyama ikaoza. Hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, ndiyo makao ya pundamilia wa mwisho wa mwituni waliobaki katika nchi yetu yote. Hao hawatakiwi kuguswa kwa gobori wala kwa kitu kingine chochote, na nalisema hili bila kusita. Ila ukimnyima mkulima njia ya wazi ya kulinda shamba lake, usishangae mitego ikisogea mwaka hadi mwaka kuelekea mipaka ya hifadhi.

Hofu ya serikali naielewa. Kolwezi ilivamiwa mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya vita vya 1977, na waliokuwa watoto wakati ule bado wanashtuka wakisikia mlipuko. Machi 2013 wapiganaji wa kundi la Bakata Katanga waliingia Lubumbashi, na baadhi ya makundi ya porini yamebeba silaha za kienyeji. Kwa hiyo sitasema gobori ni mwanasesere. Linaua. Lakini nikuonyeshe hali ilivyo sasa: bunduki hizi zipo, mafundi wanaozitengeneza wapo, baruti inaingia, na ofisi zetu hazijui ziko ngapi wala kwa nani. Kinachojificha ndicho kinachopaswa kututia hofu. Gobori lenye namba, la mtu anayejulikana kwa chifu wake, ambaye baruti yake inaandikwa kila anaponunua, ni rahisi kulifuatilia kuliko lile lililofichwa darini.

Wala utaratibu huo si mgeni katika ardhi hii. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliokataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, Katanga ikiwemo. Mkataba uliacha mlango mmoja: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida, ziliweza kutolewa katika ghala la serikali kwa ruhusa. Wakoloni walifanya hivyo kwa faida yao, hilo halina ubishi. Walijua kwamba anayeshika ghala la baruti ameshika nchi. Mwenda Msiri alilijua pia. Alitoka Usumbwa, katika Tanzania ya leo, akajenga utawala wa Wayeke pale Bunkeya kwa pembe za ndovu, shaba, watumwa na bunduki, na baruti yake ilitoka pande mbili: Benguela kwa mikono ya wafanyabiashara wa Bihe, na pwani ya mashariki kwa misafara ya Waswahili. Desemba 1891, Kapteni Stairs alipofika Bunkeya kumtaka akubali bendera ya Mfalme Leopold, baruti ilikuwa miongoni mwa vitu alivyovidai Msiri. Hakupewa. Tarehe 20 ya mwezi huo alipigwa risasi na Kapteni Bodson, na Katanga ikabadilisha mikono. Baada ya hapo, jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini waliwekewa leseni za magobori. Sisi tumebaki na sheria zilizo Kinshasa na matumizi yaliyo porini, katikati hakuna kitu.

Sheria zenyewe zipo. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inahusu uwindaji, na inamtambua mwanakijiji anayewinda kwa ajili ya jamii yake. Amri yenye nguvu ya sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inahusu silaha na risasi. Najua huwezi kuzibadilisha ukiwa Kolwezi. Unaweza, hata hivyo, kuzipeleka hadi kijijini, mahali ambapo hazijawahi kusomwa kwa lugha ambayo watu wanaielewa.

Ninachoomba ni hiki. Zungumza na Kinshasa ili pawe na ghala moja lenye ruhusa katika makao makuu ya kila teritori, chini ya ulinzi, liuze baruti na fataki kidogo kidogo, kwa bei iliyobandikwa ukutani ikionekana na wote. Kila mnunuzi awe na kijitabu chenye namba ya bunduki yake. Kabla ya hapo pawe na muda wa msamaha, ambapo mwenye gobori atalileta kwa chifu wake liandikwe na kupigwa namba bila kukamatwa na bila kutozwa faini. Bila msamaha huo hakuna atakayekuja, na mimi nisingemshauri mtu aje. Mafundi wa bunduki nao waitwe, wapewe kazi ya kukagua mitutu, ile iliyopasuka iondolewe. Wao wanazijua bunduki hizi kuliko polisi, na nyingi wamezitengeneza wenyewe. Anayekutwa ndani ya hifadhi, au na nyama ya mnyama aliyelindwa, anyang'anywe kijitabu na ashtakiwe.

Jaribio laweza kuanzia mahali pamoja, likatazamwa kwa msimu mmoja. Ningependekeza Bunkeya, kwa Wayeke, kwa sababu uchifu wao una mpangilio imara na kwa sababu teritori ya Lubudi inapakana na Upemba, kwa hiyo matokeo yataonekana haraka, mazuri au mabaya. Kama itawezekana, watu waandikishwe kabla mvua hazijaanza Oktoba. Mahindi huku huanza kuliwa na nyani kuanzia Februari, na wakati huo ukifika bila utaratibu, vichwa vya viberiti vitaendelea kukwanguliwa.

Wako katika utumishi wa jimbo,
Mkaaji wa Kolwezi