Kadi ya Michoro Si Mambo ya Gemu Tu

Bumu likitoka, mabishano ya laptop huanza palepale. Wa IT wanataka yenye kadi ya michoro ya kueleweka. Sisi wa lugha tunaambiwa tuchukue yoyote, maana "ninyi mnachapa tu". Nadhani wanaosema hivyo hawajui historia ya kifaa wanachokisifia. Moja ya kadi zilizobadilisha kabisa kompyuta za mezani ilitengenezwa na mtu aliyetaka kuchapa tasnifu yake kwa lugha ya kwao.

Twende taratibu. IBM PC iliingia sokoni Agosti 1981, na mnunuzi alichagua kati ya kadi mbili. MDA ilitoa maandishi masafi ya rangi moja, herufi 80 kwa mistari 25, ila haikujua kuchora. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 4 tu, kwa sababu haikuhifadhi nukta. Ilihifadhi namba ya kila herufi, na umbo la herufi likachukuliwa kwenye chipu iliyotoka nayo kiwandani: maumbo 256, basi. CGA ilijua kuchora, lakini kwa nukta 320 kwa 200 za rangi nne, au 640 kwa 200 za rangi mbili. Herufi yake ilibanwa ndani ya kisanduku cha nukta 8 kwa 8.

Sasa chukua Kithai, ambacho alama zake za irabu na toni hukaa juu na chini ya konsonanti, nyingine zikipandana. Nukta 8 hazitoshi. Hapo ndipo alipokwama Van Suwannukul, Mthai aliyekuwa akiandika tasnifu ya udaktari. Mwaka 1982 akatoa kadi ya Hercules: nukta 720 kwa 348, kila moja ikiwashwa na kuzimwa peke yake, kwenye monita ileile ya maandishi ya IBM. Piga hesabu: nukta 250,560, biti moja kwa kila nukta, ni kama kilobaiti 31. Kadi ilibeba 64, yaani kurasa mbili za kioo. Mwaka uliofuata ikaja programu ya Lotus 1-2-3 iliyoweza kuitumia, wahasibu wakapata namba na grafu kwenye kioo kimoja, na viwanda vingine vikaiga. (Simu nyingi za bei ya chini pale Makoroboi zina upana wa nukta 720 hizohizo.)

Sisi wakati huo tulikuwa wapi? Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya hesabu za serikali kuvurugika, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na televisheni ukapigwa marufuku, na aliyetaka mashine aliomba kibali maalum. Kwa hiyo mwaka 1982 mwanafunzi wa Mwanza hakuwa na kioo cha kumkera. Mimi siilaumu sana ile marufuku, nchi ilikuwa na shida kubwa kuliko hiyo. Lakini ilitunyima ile kero, na kero ndiyo iliyozaa Hercules.

Tena Kiswahili kilitudanganya. Irabu tano, ng' yenye kialama chake, vyote vinaingia kwenye taipureta ya Mwingereza bila ugomvi. Tungebaki na hati za Kiarabu walizotumia washairi wa pwani, tungelia pamoja na Mthai. Majirani zetu walilia. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Caitaani Mũtharaba-inĩ, ilitoka 1980. Mwaka mmoja baadaye ikaja PC ambayo katika yale maumbo 256 haikuwa na ũ wala ĩ. Ilikuwa na ñ ya Wahispania, ila jina la Ngũgĩ haikuweza kuliandika.

Na hapa ndipo napotaka wa lugha wenzangu tusikilizane. Kisukuma kina irabu saba na kina toni. Wanaisimu huziandika zile mbili za ziada kwa ɪ na ʊ. Ukizunguka Mwanza yote, kuanzia Igoma mpaka Kirumba, unakisikia kila siku, lakini kwenye ripoti zetu za utafiti zile irabu mbili zimepotea. Jamaa wa stesheni anakwambia toa hizo alama, kwenye mashine yangu zinakuja viboksi. Unatoa, unaprinti, unafunga spairo, msimamizi anasaini.

Kuna wanaosema msomaji Msukuma ataelewa kwa muktadha. Kwa methali, sawa, mzee wa Kisesa hahitaji alama ili ajue unasema nini. Lakini ripoti ya fonolojia yenye irabu tano za lugha ya irabu saba ni sawa na ramani ya ziwa isiyo na Ukerewe. Anayekuja nyuma yako kudesa atadesa lugha ambayo haipo.

Na kisingizio cha mashine kimekwisha. Unicode ilitoka 1991. Fonti za Charis SIL na Doulos SIL zina herufi zote hizo, na ni za bure. Kwenye Word kuna sehemu ya kupachika fonti ndani ya faili, na ukihifadhi kama PDF fonti kwa kawaida huingia humohumo, viboksi vikaisha hata kwenye laptop ya bei ya mwisho. Van Suwannukul ilibidi atengeneze kadi nzima. Sisi tunahitaji dakika kumi na bando dogo.

Kwa hiyo naiomba serikali ya wanafunzi izungumze na idara: kuanzia muhula ujao, ripoti yenye data za Kisukuma, Kikerewe au Kijita isipokelewe bila herufi zake kamili, na fonti hizo ziwekwe kwenye kompyuta zote za maktaba. Wa IT watusaidie kuziweka, ni kazi ya mchana mmoja.