Ala bila Mwimbaji

Kwa wiki tatu sasa nimeshughulika na kazi ambayo wengine wataiona ya kitoto. Nachagua nyimbo kumi na mbili za zamani, zote za ala tupu zisizo na mwimbaji, nizikusanye pamoja apelekewe mzee mmoja rafiki yangu, mkazi wa Kaloleni hapa Nairobi. Zamani kazi hii ilikuwa ya kaseti: mtu akikaa usiku mbele ya mashine, kidole juu ya kitufe, akiomba stima zisikatike wala jirani asibishe hodi katikati ya wimbo. Siku hizi yuko kijana mwenye kibanda nje ya Soko la Burma. Mpe flashi yako na shilingi zake, atakumalizia kabla chai yako haijapoa. Kunakili kumekuwa rahisi. Kuchagua ndiko kulikobaki na uzito wake ule ule.

Mzee nimtajaye alikuwa na bucha ndani ya Soko la Burma kwa miaka mingi. Anayelijua soko hilo, kando ya Barabara ya Jogoo karibu na City Stadium, ajua kwamba watu huliendea nyama, na kwamba tangu alfajiri hakusikiki humo ila mashoka juu ya magogo na watu wakivutana bei. Jina lake limefuata Burma ile ya vita, walikopigana askari wetu wa KAR mwaka wa 1944. Katikati ya kelele hizo mzee alikuwa na redio yake juu ya rafu, haizimwi ila kwa adhana. Yeye ni mtu wa Mombasa aliyekuja bara ujanani, akasali Riyadha ya Pumwani, akaoa, akazaa, na kila akiteremka pwani akirudi na sahani za santuri amezifunga ndani ya kanga zisivunjike.

Mwaka jana alishikwa na kiharusi. Upande wa kulia umepooza na ulimi umefungika. Asikia, aelewa, amtambua kila aingiaye. Neno ndilo halitoki. Na hapo ndipo taarab, aliyoipenda maisha yake yote, ilipomgeukia. Akiwekewa wimbo wa Juma Bhalo ataka kuitikia kibwagizo kama alivyozoea, midomo yatetemeka, neno halipatikani, machozi yamtoka na hasira juu yake. Binti yake akanijia akaniambia: "Ami, huna nyimbo zisizo maneno? Baba muziki autaka, lakini maneno yamtesa."

Swali hilo lilinitahayarisha, na nitasema kwa nini. Mimi ni mtunzi wa mashairi. Nimekula na kuvaa kwa maneno tangu nilipotoka chuoni kwa maalim wangu, na katika taarab siku zote nimesikiza shairi kwanza: vina vimekaaje, fumbo limefichwa wapi, nani apigwa kijembe. Ala kwangu zilikuwa mkeka wa kukalia maneno. Ile bashraf ipigwayo mwanzo wa tamasha nimeitumia miaka yote kwa kutafuta kiti na kuamkiana na jamaa. Nadhani si mimi peke yangu. Tazameni wenyewe kwenye harusi zetu: ala zikianza kabla ya mwimbaji, watu huona bado hakujaanza kitu.

Basi nilirudi nikaketi na hizo bashraf kama mwanafunzi. Asili yake ni ya Waturuki, na jina lenyewe lasemekana latokana na neno la Kiajemi lenye maana ya kwenda mbele, kutangulia. Ikapita Misri, ikafika Unguja, na inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeuingiza muziki wa Kimisri katika jumba lake. Nadi Ikhwan Safaa, kilichoundwa mwaka wa 1905, kimeishika desturi ya kufungua kwa bashraf. Nami kwa kuisikiza sana nikagundua jambo ambalo mpiga fidla yeyote angeniambia bure: bashraf ina beti! Ina vipande vinne viitwavyo khana, na baada ya kila khana hurejea kipande kimoja kile kile, taslimu, sawasawa na kibwagizo katika shairi letu. Khana ya pili hutoka nje kidogo ya mahadhi ya kwanza, ya tatu hupanda, ya nne hushuka nyumbani. Miaka hamsini na kitu nimelipita shairi hilo mlangoni nikidhani ni kelele za watu wakitengeneza nyuzi.

Nimetia bashraf tatu. Nilitaka tano, nikajizuia, kwa kuwa mzee si mtu wa Unguja na haifai nimlishe elimu niliyoipata juzi.

Sasa, mwanawe mkubwa alikataa jambo hili tangu mwanzo. Alinikalisha, kwa adabu, akasema: "Ami, baba ni mgonjwa. Mwekee Qur'ani. Haya mengine ya nini?" Hoja yake naiheshimu, wala sitaki msomaji adhani namcheka. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya ala tangu zamani. Imam Ghazali katika Ihya aliandika kitabu kizima juu ya kusikiza, na hata yeye hakuzihukumu ala zote kwa hukumu moja. Kwetu Lamu, Habib Swaleh alipoyaleta matari katika maulidi walikuwapo waliomlaumu, nao walikuwa watu wa elimu, si wajinga. Jibu langu kwa kijana lilikuwa fupi. Qur'ani baba yako aisikiza asubuhi na jioni, na iwe hivyo. Itakaa katika flashi yake peke yake, wala mimi sitaiweka Yasini baina ya twisti mbili ili ionekane nimefanya usawa. Lakini baina ya Adhuhuri na Alasiri, mgonjwa yule aangalia ukuta. Ukuta haukuteremshwa na malaika. Kijana hakukubali wala hakukataa. Alisema nitajibu mimi. Nimekubali nijibu mimi.

Fitina ya pili ilitoka kwa yule kijana wa kibanda, naye ni hodari wa kazi yake. Aliponiona nahangaika akaniambia, "Ustadh, unajisumbua. Kuna programu siku hizi, naondoa sauti ya mwimbaji yote, unabaki na muziki pekee. Niletee wimbo wowote." Nikampa mmoja wa Bhalo kwa kujaribu. Wallahi, kweli sauti ilitoweka. Lakini kilichobaki kilinitia kiwewe. Fidla yanyamaza kumpisha mtu asiyekuja, kinanda chajibu swali lisiloulizwa, dumbak yangoja. Ni kama kusikia upande mmoja wa mazungumzo ya simu. Na mzee, anayezijua beti zile kwa moyo, angefanya nini na matundu yale? Angeyajaza. Kila penye tundu maneno yangemjia kichwani na kukwama ulimini, na taabu ingekuwa ile ile, pengine zaidi. Nikamwambia kijana afute. Hapa nasimama, na yeyote atakaye kubishana na tubishane: wimbo uliong'olewa mwimbaji si wimbo wa ala, ni wimbo uliojeruhiwa. Wimbo wa ala ni ule ambao mtunzi wake tangu mwanzo hakumngoja mtu yeyote aje kuumaliza.

Kwa kanuni hiyo nilimkosa Fundi Konde, jambo lililoniuma, maana yeye ni mtu wetu wa pwani, Mgiriama, aliyekuwa katika kikosi cha burudani cha KAR wakati wa Vita vya Pili, na ingependeza kuwa na mmoja wa wana wa vita vile katika zawadi itokayo soko lenye jina hilo. Lakini yeye aimba. Nikamkosa pia Mbaraka Mwinshehe, aliyefia Mombasa mwaka wa 1979. Gita lake laweza kusimama peke yake nusu saa, walakini limezungukwa na maneno pande zote.

Iliyonikosesha usingizi hasa ni *Enta Omri*, aliyoimba Umm Kulthum mwaka wa 1964 na kutungwa na Mohamed Abdel Wahab. Kabla bibi yule hajafungua kinywa, ala hupiga kwa dakika kadhaa, na gita la umeme limo, jambo lililowashangaza watu wakati ule. Wapigaji wengi hukipiga kipande kile peke yake. Je, nikikate pale aingiapo? Rafiki yangu wa Mombasa niliyempigia simu alisema kata, kwani utangulizi ule ni mwili kamili. Nami nikaona kwamba mtu wa rika la mzee akiisikia ile ala ajua ni nani yuko nyuma ya pazia. Atamngoja. Nimeuacha, na hadi leo sijaridhika na uamuzi wangu.

Baada ya hayo kazi ilikwenda vizuri. Nimeweka udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyetutoka mwaka wa 2016: taksimu, yaani udi peke yake, mpigaji akitafuta njia kwa vidole bila kushika mapigo. Nimeweka kipande cha tashkota, kile chombo cha vitufe na nyuzi chenye asili ya Japani ambacho Mombasa ilikifanya chake hata mtu huweza kuitambua taarab ya Mombasa kwa sauti hiyo tu. Kuna wanaosema tashkota yalia kama paka. Na walie wao. Nimeweka chivoti, filimbi ya Mijikenda, kwa sababu mzee mamake alikuwa Mdigo.

Kisha nikatoka nje ya pwani. *Skokiaan* ya August Musarurwa wa Bulawayo, iliyorekodiwa mwaka wa 1947, saksafoni ikichekacheka. Ikavuka bahari mpaka Louis Armstrong akaipiga Marekani mwaka wa 1954. Mwanawe mkubwa alipoambiwa kwamba jina hilo ni la pombe ya kienyeji iliyokatazwa, akasema, "Waona, ami?" Nikamwambia ala hazina jina mdomoni, na babake haoni kibandiko. Fauka ya hayo, bendi ya Musarurwa ilijulikana kwanza kwa jina la Cold Storage Commission, shirika la nyama la Rhodesia ya Kusini. Muuza nyama wa Burma akimsikiza mwenzake wa Bulawayo, kosa liko wapi? Hapo kijana alicheka kwa mara ya kwanza.

*Tom Hark*, ya filimbi za bati za Afrika Kusini iliyovuma hadi Uingereza mwaka wa 1958, ilitaka kunivunjia kanuni yangu. Mwanzoni mwake kuna maneno: vijana wacheza kamari njiani, mmoja awaonya polisi waja, nao wanyakua filimbi wajifanye wapigaji tu. Niliyaacha yale maneno. Si ya kuimba, wala si lugha ya mzee, naye hawezi kuitikia asichokijua. *Apache* ya Shadows, ya mwaka wa 1960, imeingia kwa sababu moja: mzee aliwahi kuniambia kwamba alijifunza kuipiga kwa gita la debe, na kwamba ndicho kitu pekee alichojifunza kwa masikio bila kuchapwa. Na mbili za mwisho ni za magitaa ya Nairobi ya miaka ya 1960, zama za twisti na Equator Sound, kutoka sahani zake mwenyewe. Vibandiko vimeliwa na mende, jina la mpigaji halisomeki. Nimezisafisha kwa maji na kitambaa, nikazinakili na mikwaruzo yake. Kijana wa kibanda alitaka kuiondoa mikwaruzo pia.

Kabla sijamaliza, neno moja kwa wenye harusi na wenye vikundi huko kwetu. Unguja kuna chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa mwaka wa 2002, ambapo watoto hufunzwa udi na kanuni, na bashraf hazitawapita. Mombasa tuna washairi wengi kuliko wapiga udi, na kinanda cha umeme kimoja hufanya kazi ya watu sita. Sisemi kivunjwe. Nasema mkialika kikundi, wapeni dakika kumi za mwanzo wapige wasiimbe, na mwenye kipaza sauti asipite katikati kutangaza gari la nani limezuia njia.

Hesabu yangu ni kumi na moja. Ya kumi na mbili sijaijaza. Binti yasema ami tusubiri, baba azisikize hizi kwanza. Mkono wa kushoto waweza kunyosha kidole, na akiirudisha moja mara ya pili na ya tatu tutajua tutafute ya namna gani. Flashi ilikwenda Kaloleni jana baada ya Adhuhuri. Jumamosi nitapita tena Burma kumwona yule kijana wa kibanda, na kununua nyama.